Tapeli Hasalimii

Jumatatu, 8 Mei 1972

Simu imefungwa leo dukani kwetu, Duka la Ushirika, Utemini. Nyeusi, nzito, inang'aa. Imewekwa kwenye kaunta karibu na mizani. Watu wamekuja kuitazama bila kununua hata kiberiti.

Habari kubwa zaidi: meneja wetu, Mzee Andrea, anastaafu mwisho wa mwezi. Anarudi Kinyangiri kwa ng'ombe wake. Atapeleka jina moja kwenye kamati. Langu au la Chrispin, mwenzangu wa kaunta! Mimi nimezeekea nyuma ya kaunta hii. Chrispin ana meno tu.

Mzee ametuonya. Kuna tapeli mkoani humu, anapigia maduka simu, anajifanya mkubwa fulani, kisha linakuja lori na kuzoa sukari. Amesema atakayejua kumtofautisha mkweli na mwongo ndiye anayefaa umeneja. Basi kazi imekwisha! Walipotoka kula nilikikalia kiti chake. Kinanitosha kabisa.

Jumanne, 9 Mei

Nimepata dawa ya matapeli. Mtu wa kweli husalimia kwanza. Mvua, mifugo, watoto, wazee, ndipo aseme shida yake. Tapeli ana haraka. Hawezi kuulizia mbuzi wako huku roho yake iko kwenye sukari. Nilimweleza Chrispin, akacheka. Wivu huo.

Asubuhi simu ikalia. Nikaiwahi. Sauti nene, hata habari za asubuhi hakuna: nipe meneja. Nikamuuliza, kwenu hamsalimiani? Akauliza mimi ni nani. Nikamwambia mimi ni yule asiyedanganyika, na sukari akaitafute Manyoni. Nikaibwaga simu. Foleni nzima ikapiga makofi. Na mimi nikapiga.

Mchana tukajua. Alikuwa Bwana Ushirika, ofisa wa mkoa anayesimamia maduka yetu. Alitaka kusema kwamba Ijumaa atakuja kukagua duka. Mzee Andrea alikunywa maji, glasi nzima, huku ananitazama. Chrispin alionyesha meno yote.

Jumatano, 10 Mei

Bado nafasi ipo. Chrispin naye akidanganyika, tutakuwa sawa. Sasa nani wa kumdanganya? Mimi!

Nikaaga kwamba tumbo linanikata. Nikaenda sokoni kwa Manji, maana dukani kwake nako kuna simu. Kauntani alikuwapo Noorbanu, mkwe wake. Nikanunua uzi nisio na haja nao, nikaomba kupiga simu, nikafunga kitambaa mdomoni. Damari wa mitamboni, anayeunganisha simu zote za mji, akaniuliza, Melkiori, una mafua? Nikamwambia mimi si Melkiori. Akasema haya, pole na mafua.

Chrispin akapokea. Nikanguruma: huyu ni ndugu mkubwa wa mkoani, andaa magunia ya sukari, lori linakuja. Akaanza kutetemeka, nilimsikia! Ndiyo ndugu, ndiyo ndugu. Umeneja nikauona huo hapo! Kisha akasema kuna mama hapa amekuja kununua chumvi, hajawahi kuongea na mkubwa kwenye simu, anaomba kumsalimu. Kabla sijakataa, sauti ikasema haloo.

Mama yangu mzazi!

"Shikamoo mama." Imetoka yenyewe! Na mwili ukainama wenyewe, mpaka paji la uso likagonga kaunta ya Manji. Mama akaitikia marahaba kwa sauti yake ile ya kuitia ng'ombe. Akauliza, Melkiori mwanangu, umeingiaje humo ndani, na je, umekula? Maduka yote mawili yakasikia. Noorbanu alicheka mpaka akakaa chini. Nimeona aibu, sijapata kuona aibu namna ile.

Alhamisi, 11 Mei

Mzee Andrea amesema tayari amempata mwongo wa kwanza wa simu. Nimehamishiwa stoo ya nyuma, kupima mafuta ya taa. Mama amelala kwangu, na amenuna. Hakukasirishwa na uongo. Amekasirika kwamba nimekuwa mkubwa wa mkoa bila kumwambia.

Ijumaa, 12 Mei

Mzee na Chrispin wamevaa mashati meupe, wakaenda njia panda kumpokea Bwana Ushirika. Simu ikalia. Nikatoka stoo mbio, mikono inanuka mafuta ya taa.

Loo! Sauti laini. Ikaniamkia shikamoo. Mimi! Kijana wa miaka ishirini na tisa! Akauliza mvua. Akauliza mbuzi. Akauliza hali ya mama, nikamweleza lile goti lake linalouma, akasikitika kweli. Sasa huyu ndiye mtu! Akasema yeye ni msaidizi wa Bwana Ushirika. Nikamuuliza kama wakubwa bado wana hasira na ile simu ya Jumanne. Akakohoa kidogo, akasema hasira ya nini, wamefurahi, wanatafuta meneja asiyeogopa wakubwa. Ila iwe siri kwanza. Kuna kijiji cha ujamaa kule Kilimatinde kimeishiwa sukari, lori liko karibu.

Lori likaja mlango wa nyuma. Dereva naye akaniamkia! Nikabeba magunia kwa mgongo wangu mwenyewe, yote, hadi nikafagia sakafu. Wanasema Bwana Ushirika alipishana nalo njiani na akalipungia mkono.

Jumamosi, 13 Mei

Polisi wamekuja. Mzee Andrea amenitetea vizuri sana. Amewaambia mimi sina akili ya kuiba. Namshukuru.

Meneja ni Chrispin. Nimemwona kwenye kile kiti, miguu haifiki hata chini. Imeniuma! Mimi Mzee ananichukua Kinyangiri nikamchungie ng'ombe. Amechagua huko kwa sababu hakuna simu.

Kila mtu anasema nimetapeliwa. Hawajui watu hawa! Kabla ya basi nimepita mitamboni kwa Damari. Akaniuliza kama mafua yamepona. Nimemwachia ujumbe: yule bwana akipiga kuhusu umeneja wangu, amwambie niko Kinyangiri, na goti la mama sasa lina nafuu. Atafurahi kusikia. Tapeli gani huulizia goti la mama wa mtu?