Mstari Wangu Chini ya Mistari ya Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Nimedhalilishwa mbele ya ofisi nzima.

Mama Mkurugenzi amegawa kazi ya tovuti ya kiwanda cha magodoro. Shemeji, mdogo wa mke wangu, amepewa ukurasa wa mwanzo na kurasa zote za bidhaa. Mimi, niliyeanza kutengeneza tovuti yeye akiwa bado ananyonya kidole, nimepewa ukurasa wa "Wasiliana Nasi". Namba ya simu na ramani! Hata kasuku angeuweza.

Ijumaa mwenye kiwanda atakuja kukagua, na hapo hapo Mama Mkurugenzi atamtangaza mkuu wa kitengo chetu. Mkuu wa kitengo hupewa kile chumba kidogo chenye dirisha. Nimekisubiri miaka kumi na mmoja. Miaka yote hiyo meza yangu iko kando ya mlango wa choo.

Nyumbani nikamkuta Shemeji kwenye kiti changu, anatafuna paja la kuku. Anaishi kwetu "kwa muda" tangu mwaka juzi. Akaanza kunifundisha. Mimi! Eti katika mfumo huu mpya, faili la mitindo linalopanga sura ya ukurasa mmoja, na skripti zinazouamuru cha kufanya, huitwa ndani ya ukurasa huo tu. Kiolezo mama, ambacho kurasa zote hurithi, hakichezewi. Tena eti nikibadilisha faili, nibadilishe na jina lake, "maana kivinjari, shemeji, kina kichwa kigumu. Kikishahifadhi la zamani kitakuonyesha hilo hilo mpaka uzeeke. Na wewe hauko mbali."

Mke wangu akacheka. Mimi sikusikiliza neno. Nilikuwa nalitazama lile paja. Lilikuwa la mwisho.

Jumanne, 4 Machi

Mpango umekamilika. Nimeufikiria nikinyoa ndevu.

Wiki iliyopita niliweka kwenye seva mafaili mawili matupu ya kujaribia: moja la mitindo, moja la skripti, nikayafungua kwenye kompyuta zote za ofisi kuhakikisha yanafika. Leo nimeyajaza, majina yale yale. La mitindo lina amri moja: picha zote zisionekane. Kwa nini? Kwa sababu ukurasa wa Shemeji ni picha moja kubwa kupita kiasi ya mtu aliyelala kwenye godoro, mdomo wazi. Mtu huyo ni Shemeji mwenyewe. Kitanda ni changu.

La skripti linafungua kidirisha cha salamu: "Karibu, mteja mwema! Mimi ni Mkuu Mtarajiwa wa Kitengo."

Ijumaa picha itatoweka. Shemeji atatoka jasho. Salamu yangu itatokea. Nitainuka taratibu, nitafuta mstari mmoja, picha itarudi, nitapewa ufunguo wa chumba.

Nimeyaita mafaili yote mawili ndani ya kiolezo mama, kila moja kwa mstari wake, chini kabisa ya mistari ya Shemeji. Amri mbili zikipingana, ya chini ndiyo inayoshika. Hilo alinifundisha yeye mwenyewe, mpumbavu.

Nikafungua tovuti. Shemeji bado amelala, mdomo wazi. Hakuna salamu.

Nikaiandika mistari yangu mara ya pili. Bado amelala!

Jumatano, 5 Machi

Bado amelala.

Nimeiongeza mara ya tatu, ya nne, ya tano. Mara ya sita nimeipiga kibodi ngumi. Katibu akainua kichwa akauliza, "Mzee, hiyo kibodi imekukosea nini?" Nikamwambia ninafanya uhariri. Akasema basi nihariri polepole, chai yake imemwagika.

Shemeji akapita na kikombe, akasimama nyuma yangu. Nikafunika kioo kwa gazeti. Akasema kwa upole, "Shemeji, kama kuna kitu kimegoma, jaribu kwenye kompyuta nyingine." Upole wa namna ile ni matusi. Nikamwambia nilikuwa nagomewa na kompyuta kabla hajaota meno. Akasema anaamini.

Mchana mke wangu akapiga simu. Amekwisha kumwambia mama yake kwamba mkuu wa kitengo atatoka nyumba hii. Nikamuuliza alimtaja yupi. Akasema mtandao haushiki vizuri.

Alhamisi, 6 Machi

Mara tisa! Mistari ile ile, mara tisa, na huyu mtu bado amelala tu kwenye kitanda changu!

Nimetoa uamuzi: mfumo ni mbovu. Mfumo wa kitoto uliotengenezwa na watoto. Nilifikiria kuifuta ile mistari, lakini kwa nini nijichoshe kufuta kitu kisichofanya kazi? Ikae.

Nitashinda kwa umri na kwa shati. Nimelipiga pasi mwenyewe. Shemeji akaomba nimwazime tai yangu ya buluu. Nikamnyima. Nilifurahi kwa dakika tatu hivi.

Ijumaa, 7 Machi

Amekuja amevaa tai yangu.

Mwenye kiwanda amefika na mama yake, bibi wa miaka themanini na kitu aliyekianzisha kiwanda. Picha yake inatakiwa kukaa juu ya kila ukurasa. Kwa ajili hiyo tu alisuka nywele na kuja. Hakuna aliyekuwa ameniambia habari za picha ya bibi! Labda waliniambia.

Mama Mkurugenzi akawasha kompyuta yake mpya, iliyoletwa asubuhi ile ile. Haikuwahi kuifungua ile tovuti hata siku moja. Haikuwa na la zamani la kuonyesha.

Ukurasa ukafunguka. Mweupe. Shemeji hayupo. Bibi hayupo. Godoro halipo, kwenye tovuti ya magodoro!

Kidirisha kikatokea. "Karibu, mteja mwema! Mimi ni Mkuu Mtarajiwa wa Kitengo."

Bibi, mtu wa adabu, akaitikia, "Ahsante, baba."

Mama Mkurugenzi akakifunga. Kikatokea cha pili. Bibi akaitikia tena. Cha tatu, akaitikia. Kwenye cha tano akamgeukia mwanawe akauliza, "Huyu mtu ana shida gani?" Kwenye cha saba akauliza, "Na mbona mimi sipo? Nimekufa?"

Mwenye kiwanda akasimama. Mama Mkurugenzi hakuuliza ni kazi ya nani. Alinitazama tu, huku akifunga cha nane na cha tisa.

Nikainuka taratibu kama nilivyopanga. Nikaufuta mstari mmoja wa mitindo. Ilibaki minane. Bibi hakurudi.

Shemeji akainama juu ya bega langu, tai yangu ikining'inia puani mwangu, akaifuta yote. Bibi akatokea juu ya ukurasa, anacheka. Chumba kizima kikapiga makofi. Bibi akamwita Shemeji "mwanangu". Kabla hawajaondoka Shemeji alikuwa ameshikilia ufunguo wa chumba chenye dirisha.

Mama mkwe amepiga simu jioni kuipongeza nyumba yetu. Mke wangu amekaanga kuku mzima. Sikupewa paja.

Jumatatu, 10 Machi

Nimetafakari siku mbili nzima na nimeliona kosa langu. Kosa langu ni kwamba nilisalimu. Mtu mwenye akili haweki sahihi kwenye mpango wake.

Safari hii sisalimu mtu. Tovuti ya ofisi yetu ina ukurasa wa wafanyakazi, na kuanzia leo chini ya jina la Shemeji pameandikwa "Mkuu wa Kitengo". Nimelichukua faili la zamani la mitindo la tovuti hiyo na kuongeza amri ya kukificha cheo hicho. Nimeliita ndani ya kiolezo mama, chini kabisa. Mara moja tu! Nina kiasi.

Nimefungua ukurasa. Cheo bado kipo.

Shemeji ametoa kichwa kwenye mlango wa chumba chake, akaniuliza kama nilikumbuka kubadilisha jina la faili. Nimekohoa mpaka akarudi ndani.

Nimeongeza mstari wa pili.