Vyuo Viwili kwa Binti Mmoja

Jumatano, 30 Oktoba
Leo nimeshika usukani wa elimu ya binti yangu. Ilibidi mtu mzima aingilie kati. Maren ana miaka kumi na saba. Anapiga fidla, na kila Jumapili huzunguka makanisa ya vilimani akiwarekodi vikongwe waimbao bila kinanda, kisha huwauliza nani aliwafundisha na kwa nini wanawake hukaa upande ule. Hiyo anaiita anthropolojia. Anataka chuo kidogo kitakachomwezesha kusoma hayo na muziki kwa pamoja. Anasema amekipata: Aldermoor, kule Vermont, kwa sababu kuna mwalimu, Profesa Varga, anayefundisha yote mawili ndani ya darasa moja.

Mwalimu mmoja. Nilimweleza kwa upole kwamba hakuna mwenye akili anayejenga nyumba juu ya nguzo moja. Akasema, "Baba, mimi sijengi. Naenda kusoma." Jibu lisilo na adabu wala mantiki.

Mimi sikusoma chuo. Nilijielimisha kwa kamusi na nakala za barua za mahakama. Idara ya maji ya mji huu haijapata kupokea malalamiko yaliyosanifiwa vizuri kuliko yangu. Majibu bado.

Ijumaa, 1 Novemba
Siku ya mwisho ya maombi ya mapema. Utaratibu ni huu: mwanafunzi anakiahidi chuo kimoja tu kwamba kikimkubali, atakwenda, na vingine vyote ataviacha. Yeye, mzazi na mshauri wa shule hutia sahihi. Kwa ahadi hiyo chuo humtazama kwa jicho la huruma. Maren ametuma ya Aldermoor saa kumi alasiri. Nimetia sahihi. Akanikumbatia, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu Juni.

Saa kumi na moja nikapeleka posta maombi ya pili, yenye ahadi ileile. Chuo cha Penhallow, Massachusetts, ambako muziki hauna mfano. Wao bado wanapokea fomu ya karatasi. Nimeijaza kwa niaba yake. Penye sahihi ya mshauri nimeandika: "Itafuata kwa wakati wake." Nimeambatisha waraka wa kurasa tano, unaoanza: "Kwa unyenyekevu usiopunguza heshima." Simjui mwingine katika kaunti hii awezaye kufungua waraka namna hiyo. Ukurasa wa nne nimedokeza kwamba Aldermoor nao wamekwisha kuahidiwa. Chuo cha muziki na chuo cha anthropolojia vikijua vinamgombea mtu mmoja, vitashindana kumpendeza. Maren hana habari. Ataarifiwa ushindi ukifika.

Jumapili, 10 Novemba
Jirani yangu Vernon Sipe amebandika jina la chuo kikuu cha jimbo kwenye kioo cha nyuma cha gari lake. Mwanawe ameingia huko, kama wanavyoingia wote. Alinikuta nikifagia majani akaniuliza anthropolojia ni kazi gani hasa. "Atawahesabu watu kwa fidla?" Akacheka peke yake.

Nimeagiza vibandiko vya Aldermoor na Penhallow.

Jumapili, 17 Novemba
Vibandiko vimefika. Nimevibandika kwenye gari letu, kimoja kila upande. Maren akauliza hicho cha pili cha nini. Nikamwambia ni pambo. Sipe alivisoma vyote viwili taratibu. "Sasa huyo mtoto mtamkata katikati, jirani?" Nimemwandikia barua rasmi kuhusu majani ya mti wake.

Alhamisi, 28 Novemba
Siku ya Shukrani. Baada ya bata mzinga Maren alitupigia wimbo wa Bi. Luvenia, mjane wa miaka tisini ambaye huimba sauti yake tu na kuiachia kimya sauti ya dada yake aliyefariki. Ule ukimya Maren aliupiga pia: alishusha upinde, akasubiri, akaendelea. Akasema amemwandikia Profesa Varga habari hizo, naye amejibu: njoo na rekodi hiyo, tutaanza nayo. Mke wangu Odette alilia juu ya pai ya maboga. Mimi niliwaza Penhallow wangesemaje.

Jumanne, 3 Desemba
Mshauri wa shule, Bi. Okerlund, amenipigia simu kazini. Penhallow wameidai sahihi yake. "Sahihi ya nini, bwana Pruett? Mimi Penhallow siwajui." Penhallow walipokosa jibu la maana walirudi kwenye ukurasa wa nne, wakawapigia Aldermoor. Kumbe watu hawa huzungumza. Vyuo vyote viwili vimefuta maombi leo hii, kwa kuvunja ahadi. Bi. Okerlund amesema neno la shule nzima sasa lina doa, na watoto wengine watalilipia.

Maren hakupiga kelele. Aliuliza swali moja: na sahihi yangu je, uliiandika wewe? Nikamjibu kwa haki kwamba niliiiga kwa ustadi. Akatoka nje na kisu cha siagi, akabandua vile vibandiko, dakika arobaini, kwenye theluji. Odette alisimama dirishani. "Hata usiende kumsaidia," akaniambia. "Umesaidia ya kutosha."

Ijumaa, 13 Desemba
Nimewapelekea Aldermoor rufaa ya kurasa tisa. Jibu limekuja leo kwa barua pepe: shauri limefungwa, tafadhali usituandikie tena. Maneno matano. Watu wa elimu, na hawawezi hata kuaga.

Jumamosi, 22 Machi
Maren aliomba upya peke yake, kwenye kompyuta ya maktaba, kwa nywila nisiyoijua. Wengi wamemkataa. Tarkett, Minnesota, wamemkubali. Huko anthropolojia iko jengo moja na muziki jengo jingine, na walimu wa huku hawawajui wa kule. Profesa Varga hayupo. Maren alisoma barua amesimama, akaikunja, akasema sawa, nitatembea.

Kisha akaniambia sentensi nzima ya kwanza tangu Krismasi: "Baba, nakuomba kitu kimoja. Usiwaandikie. Hata asante usiwaambie." Nikakubali. Odette akadai niape, nikaapa.

Jumamosi, 17 Mei
Imeletwa bahasha ya Tarkett kwa jina la Maren, naye yuko vilimani. Fomu ya bweni. Mwanafunzi aeleze tabia zake, apangiwe mtu wa kukaa naye chumba kimoja. Imeandikwa wazi: ijazwe na mwanafunzi mwenyewe. Nimeitafakari kwa kina. Niliapa kutoandika barua. Hii si barua.

Nimeandika kuwa yeye ni mtulivu, mwenye kuamka alfajiri, nikaomba apewe mwanamuziki. Kisha nikakumbuka lile somo lake jingine. Nikatoa nakala ya fomu tupu, nikamfanya mchangamfu asiyelala mapema, apewe mwanaanthropolojia. Nimezituma zote mbili, kila moja na sahihi yake. Wachague wenyewe.