Pengo la Uzito wa Juu

Jumatatu, 3 Februari
Ubingwa umetuponyoka tena. Pointi nne tu! Sina mwanamieleka wa uzito wa juu, kwa hiyo kila pambano tunawapa wapinzani pointi sita za bure. Miaka ishirini na sita ya ukocha hapa chuoni, na ukuta wa ukumbi hauna hata bango moja la ubingwa wa mieleka. Mwakani nastaafu. Dawa ninayo: Cordell Hoekstra, mtoto wa mfuga nguruwe, ratili mia mbili na themanini, mpole kama ndama. Tatizo ni alama zake za hesabu. Tatizo kubwa zaidi ni mkuu wa udahili, ambaye ni mke wangu, Marlys.

Jumanne, 4 Februari
Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeosha vyombo vyote, hata sufuria ya supu ya njegere. Marlys akasimama mlangoni, akauliza nimevunja nini. Nikasema kwani mume hawezi kumsaidia mkewe? Akasema anaweza, ila mume wake yeye huweza msimu wa udahili tu. Kisha akasema ombi la Hoekstra litasomwa kama mengine. Sikuwa nimemtaja Hoekstra.

Alhamisi, 6 Februari
Nimekwenda juu zaidi. Rais mpya wa chuo, Dakta Solveig Aune, ni mtu wa kwaya. Mieleka anaiona ugomvi. Nikampelekea pai ya cheri, nikamweleza kwamba bango moja huvuta wanafunzi na wafadhili. Akala vipande viwili. Akasema rais aliyemtangulia alitia mkono kwenye udahili. Timu ya mpira wa kikapu ikatwaa kombe, na mwaka uliofuata nusu ya wachezaji wakafeli wakarudi kwao. Yeye hataingilia. Halafu akampigia Marlys kuisifu pai. Pai ambayo Marlys alikuwa ameioka kwa ajili ya kanisa!

Ijumaa, 7 Februari
Nimeomba radhi kwa pai. Marlys akasema pai si kitu. Kinachomuuma ni mimi kumruka na kwenda kwa rais. Akasema ule ukuta mtupu hata yeye anauona, kila mwaka, na unamuuma kwa ajili yangu. Lakini hatamwita mtoto wa watu aje kuziba pengo la timu ya mumewe, kisha arudi kwao na aibu. Nampenda sana mwanamke huyu. Nikaosha vyombo bila hila yoyote, nadhani.

Alhamisi, 13 Februari
Cordell alikuja kuhojiwa. Amekubaliwa! Sharti moja: asome hesabu kiangazi kizima, na Marlys atamfundisha mwenyewe, mezani petu. Nililia kidogo ndani ya gari.

Jumamosi, 15 Februari
Cordell amepiga simu. Siku ya mahojiano Dakta Aune alimsikia akiimba kwenye korido. Sauti nzito, adimu. Sasa amemwalika kwenye kwaya ya chuo. Mazoezi ya kwaya na ya mieleka ni saa ileile, na Cordell tangu utotoni alitaka kuimba. Anaomba nisimchukie. Nikamwambia aimbe, mwanangu. Rais hakuingilia udahili; alisubiri uishe! Marlys alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha akanishika mkono, akasema bango ni kitambaa tu, atanishonea.

Jumapili, 16 Februari
Hila nimeacha kabisa. Nimejua thamani ya kusema ukweli na kumheshimu mke.
Kanisani nilikaa nyuma ya kijana mmoja aliyejaza benchi. Shingo ya fahali! Nimeulizia: hesabu hajui kabisa. Lakini nyimbo zote nilimtegea sikio, na kuimba hajui pia.
Naandika haya mikono ikiwa na povu la vyombo. Marlys amechukua kitambaa cha kukaushia, amesimama kando yangu, anauliza huyu wa sasa anaitwa nani.