Majani Kumi na Tisa ya Bibi

Jumatatu, 3 Julai 1911

Bibi, mke wa mchungaji wetu Mzungu, ameondoka leo kwenda Moshi kwa gari la ng'ombe la Makaburu. Wiki mbili. Nyumba yake inapakwa chokaa, kwa hiyo mti wake wa ndani kaniachia mimi. Kwa nini mimi? Wanawake darasani kwake tuko kumi na mmoja.

Mti uko kwenye chungu. Majani mekundu, ya njano, meusi, mengine rangi zote pamoja kama shanga za shingoni za Waarusha. Nikauliza unazaa nini. Hauzai. Ni dawa ya nini? Si dawa. Ng'ombe wanaula? Bibi akashika kifua. Basi ni wa kutazamwa tu. Nikasema ndiyo, Bibi, kama mtu aliyeelewa.

Maagizo: joto, mwanga, maji kidogo, majani yafutwe vumbi. Tena kanipa daftari hili, niandike kila siku mti umeshindaje.

Naona ni mtihani. Bibi akirudi atachagua msichana mmoja akae kwake ajifunze cherehani. Mmoja tu. Ni Eunike wangu au ni Tabea wa jirani. Eunike ni kitinda mimba, ana vidole vya kushona na kifua cha kukohoa. Akibaki kwenye baridi na moshi huu sijui nitakuwa naye miaka mingapi.

Nimehesabu majani. Kumi na tisa.

Jumanne, 4 Julai

Ukungu umeshuka mlimani mpaka kwenye migomba. Nyumba yetu haina dirisha. Mwanga uko mlangoni, joto liko mafigani. Bibi alitaka vyote viwili mahali pamoja. Nimechagua joto.

Nimefikiri hivi. Kitu kidogo, kigeni, kinachokaa ndani na kuogopa baridi ni mtoto mchanga. Na wachanga nimelea sita. Nimeuweka karibu na moto, mbali kidogo na ndama. Nimeyafuta majani, halafu nikayapaka samli kama ngozi ya mtoto. Yanang'aa.

Baba Eunike kauliza kama mgeni atakunywa uji pamoja na sisi au atangoja tumalize.

Alhamisi, 6 Julai

Mama Tabea kaja, eti kuomba moto. Macho yote kwenye mti. Kasema mzuri kweli, unapendeza. Akaishia hapo hapo. Hakutema mate. Mtu mzima, mama wa watoto wanne, anasifu kitu kichanga bila kukitemea mate ya baraka!

Kabla ya jua kuzama majani mawili yalikuwa chini. Nimeufunika kwa blanketi la Eunike, jicho la husuda lisiuone tena.

Jumamosi, 8 Julai

Majani kumi na mawili. Nimeusogeza motoni zaidi. Nimeupa kikombe cha maziwa, huenda ni njaa. Baba Eunike anasema pengine chini ya blanketi haupati pumzi. Nikamwambia mti hauna pua. Nimekaa nikiwaza jambo hilo mpaka maharage yakaungua.

Jumanne, 11 Julai

Majani manne.

Leo mferejini, wanawake wakichota maji, nilisema jicho ni la nani. Sikutaja jina. Nilisema tu ni mtu mrefu, mwenye pengo, nyumba yake iko juu ya mfereji. Mama Tabea akatua mtungi. Akasema siku ile alikuwa na mafua, mdomo mkavu kama ganda la maharage, mate angeyatoa wapi, akope? Wanawake wakacheka. Sikujua wanamcheka nani. Kisha akaniuliza taratibu, mama Eunike, huo mti unaulisha nini, mbona ndani kwako mnanuka maziwa yaliyochacha?

Nimerudi na mtungi mtupu. Nilisahau kuchota.

Ijumaa, 14 Julai

Hakuna jani hata moja. Fimbo. Bibi anarudi Jumatatu.

Kila lililoanguka nimelihifadhi ndani ya kitabu cha nyimbo. Leo nikiyatazama, wazo likanijia. Nikamwita Eunike na sindano yake. Akasema, mama, haya ni majani. Nikasema najua ni majani.

Ameshona mlangoni tangu asubuhi. Uzi mwekundu kwa jekundu, wa njano kwa la njano. Akikohoa anashusha sindano, tunangoja, anaendelea. Kumi na manane yamerudi mahali pake. La kumi na tisa kalila ndama.

Nimeyapaka samli yote iliyobaki. Baba Eunike anasema ukisimama mbali na kufumba jicho moja, ni mti.

Jumatatu, 17 Julai

Asubuhi Baba Eunike alikata jani la isale pale mpakani pa shamba. Akasema nenda nalo, anayeomba msamaha na isale mkononi hakataliwi. Akasema nikate na la pili, la Mama Tabea. Nikamwambia tuanze na moja.

Nimempa Bibi isale. Akafurahi sana, akalitia kwenye glasi ya maji dirishani. Hajui ni nini. Sasa nimesamehewa au bado? Nikamwuliza kwa sauti ya chini Mwalimu Solomoni anayetutafsiria. Akakuna kichwa, akasema isale limepokewa, ila aliyelipokea hana habari, na jambo kama hili halijawahi kumfika.

Ndipo Bibi akagusa mti. Jani likabaki likining'inia kwa uzi. Akaligeuza. Akaligeuza na la pili. Akavaa miwani. Akauliza nani kafanya hivi.

Nikasema mikono ni ya Eunike lakini kosa ni langu, mtoto asihesabiwe, mimi hata darasani nifukuzwe. Bibi akaketi, mabega yakawa yanatikisika. Nikajua analia kwa ajili ya mti wake. Nikalia naye. Solomoni akasema, mama, anacheka.

Bibi kasema mti huu ukihamishwa hupukutisha majani, zaidi ukipata baridi au giza. Hata ulipotoka Tanga ulibaki fimbo. Kasema ukae mlangoni penye mwanga, usipewe chochote, uachwe. Kanipa uwe wangu. Kisha akasema anayeweza kushona jani bila kulichana atashona kitu chochote, Eunike aje Alhamisi.

Aliuliza na daftari. Nikasema kalila ndama. Mungu anisamehe, na ndama pia.

Nimetembea njia nzima nikijiuliza kilichomfurahisha ni nini hasa. Naona ni samli. Majani yaling'aa.

Alhamisi, 20 Julai

Eunike kaenda. Kule kuna dirisha la kioo na jiko la chuma lenye bomba la kutoa moshi. Blanketi kaliacha, kasema atapewa jingine. Nyumba imekuwa kubwa. Nimepika ndizi za watu watatu.

Nimempelekea Mama Tabea isale lake. Yeye analijua. Kalipokea kwa mikono miwili, kauliza lilikuwa linapitia wapi siku zote hizi. Tukala zile ndizi. Tabea wake naye alikuwa pale, anakata mboga bila kuinua macho. Nikamsifia mboga zake.

Mti uko mlangoni. Sijaupa kitu.

Jumapili, 13 Agosti

Eunike kaja baada ya ibada na gauni aliloshona mwenyewe. Kakaa mpaka jua likageuka. Nilihesabu, kakohoa mara moja tu, tena ilikuwa pilipili.

Na mti umechipua! Jani moja jekundu, dogo kama kidole cha mtoto. Wiki tatu na nusu sijaugusa, niliutazama tu.

Eunike alipoondoka Mama Tabea kapita. Kainama, kasema jamani, kanapendeza. Akaenda zake. Hakutema mate. Mafua hana, nilimwuliza.

Nimeuingiza ndani, karibu na moto. Blanketi la Eunike lilikuwa pale pale, bado lina harufu yake. Nimemfunika vizuri. Samli kidogo tu, kwenye ncha. Maziwa sijampa. Nitampa kesho akiamka.