Neno Kaske Halina Ngeli

Jumatatu, tarehe 8 Julai

Ujumbe wa simu kutoka Goma. Hauna herufi kubwa wala nukta. Mjukuu wangu Charlène anafika Ijumaa kwa boti, majuma mawili ya likizo. Hajaamua atalala wapi: hapa Nyalukemba kwangu, au Bagira kwa Constantin, baba wa baba yake. Constantin! Mwimbishaji mstaafu wa kwaya, mtu asemaye "mutoto iko mugonjwa" mchana kweupe. Mwaka jana Charlène alikaa kwake siku zote; kwangu alikunywa kikombe kimoja cha chai. Nyumba hii haijasikia kicheko tangu mke wangu Eulalie afariki. Mwaka huu hapana!

Nimempigia simu binti yangu Colette, mama yake. Kasema mtoto anapenda michezo ya kompyuta na muziki wa elektroniki, na kaske yake ya masikioni imevunjika. Nikamkosoa; mwalimu wa sarufi hastaafu. Kaske ni kofia ngumu ya mwendesha pikipiki. Tena ni ya ngeli gani? Akasema eti papa, nunua tu. Nitanunua. Si ya bei rahisi, ifayo kabla ya mvua za Septemba. Si ya mabwana wakubwa. Ya kati.

Jumanne, tarehe 9 Julai

Aibu. Dukani kwa Fanny, auzaye redio na simu, niliomba kwa Kiswahili safi "kifaa cha kusikilizia, cha masikio yote mawili". Akanitazama kwa huruma. Akaanza kupaza sauti: "PAPA! SIKIO GANI IKO MUBAYA?" Akaniwekea mezani kifaa cha viziwi. Duka zima likageuka. Na nani alikuwa pale akinunua betri? Constantin! Akanishika bega, akanipigia kelele sikioni: pole mukwe, uzee haubishi hodi.

Nikaondoka bila kulitamka neno lile. Heri aibu kuliko kosa la sarufi.

Jumatano, tarehe 10 Julai

Baada ya misa, akina mama wa parokia wakanisalimu kwa ishara za mikono. Constantin ametangaza. Maman Francine ameahidi kunifanyia novena, sala za siku tisa. Nikamwambia nasikia vizuri sana. Akamnong'oneza jirani yake kwamba viziwi wote husema hivyo. Nilimsikia!

Alhamisi, tarehe 11 Julai

Nimeanguka. Nilirudi kwa Fanny, nikafumba macho, nikasema: kaske. Akapiga makofi. "Ah, papa! Kumbe njo kaske! Juu ya nini haukusema?"

Akaleta tatu. Anafundisha vizuri kuliko walimu wengi niliowajua. Kwa mchezo, kasema, lazima ujue hatua za adui zinatoka upande gani. Kwa muziki wa elektroniki, besi iwe nzito lakini isimeze sauti nyingine. Na isibane, maana mtoto ataivaa kutwa. Ya kwanza: ngoma ndani ya pipa, sauti nyingine zote zimezama. Ya pili: safi, lakini ilinibana kichwa mpaka miwani ikalia. Ya tatu ina mito laini na kipaza sauti kidogo cha kukunja. Akaniwekea mchezo. Nikasikia mtu anatembea nyuma yangu. Nikageuka. Hakuna mtu! Fanny alicheka mpaka akakaa chini.

Kisha nikaomba rumba ya zamani. Mungu wangu. Gitaa moja kushoto, la pili kulia, na katikati mtu anakwaruza chupa. Miaka arobaini na minane nausikia wimbo huu, sikujua kwamba yupo. Mimi na Eulalie tulikuwa na redio ndogo yenye kisikilizio kimoja tu, cha sikio moja. Jioni tulikaa ukutani juu ya ziwa, yeye akikishika katikati ya vichwa vyetu, kila mmoja nusu ya wimbo. Sauti ilikuwa kama nyenje ndani ya kopo. Vidole vyake vilihesabu mapigo gotini kwangu. Sijasikia muziki bora kuliko ule.

Fanny akauliza nina nini machoni. Vumbi, nikasema. Nimenunua ya tatu.

Ijumaa, tarehe 12 Julai

Ushindi! Nilikwenda bandarini na boksi wazi, Constantin alione. Yeye alikuja mikono mitupu. Charlène akashuka botini, akapiga yowe: "Koko! Kaske!" Babu kwake ni "koko"; sikumkosoa. Atalala kwangu. Constantin akaniuliza kwa ishara kama nimesikia.

Jumatatu, tarehe 15 Julai

Charlène yupo. Yaani, yumo ndani ya kaske. Namwamkia, hasikii. Leo nilimsimulia habari ya redio, ya ukuta, ya bibi yake, yote. Nilipomaliza akainua upande mmoja: "Koko, ulisema?" Nikasema chai iko tayari. Kutwa anapiga kelele chumbani, "Nyuma yako!" Mara mbili nimegeuka.

Jumatano, tarehe 17 Julai

Maafa. Constantin amekuja "kuniamkia". Alivuta kiti karibu na mtoto, aliyegeuka kwa mkwaruzo wake, akamvua kaske bila ruhusa, akasema naye afundishwe kucheza. Akafa mara nane. Akaanguka magengeni akimwita Bikira Maria. Charlène alicheka mpaka machozi. Nyumba yangu ilijaa kicheko, nami nilikuwa jikoni nasuuza vikombe.

Alasiri Charlène akafunga mfuko kwenda Bagira. Akasema kwa upole eti Koko Constantin bado anakufa sana, lazima amufundishe. Atanitembelea Jumapili. Kaske ameniachia, kule, kasema, watasikiliza wote pamoja.

Alhamisi, tarehe 18 Julai

Nimechambua jambo hili kama sentensi ngumu ubaoni. Kosa liko wazi: bei ya kati! Kaske hii huziba sauti, ila si kabisa. Ndiyo maana mtoto alisikia kiti kikivutwa. Nimemwuliza Fanny. Ipo nyingine, ya mabwana wakubwa, izimayo sauti zote za nje. Nimemwambia aniwekee. Mwaka ujao Charlène akiivaa, hatamsikia Constantin hata akiimba Kyrie nzima mlangoni. Tutakaa humu kwa raha, sisi wawili.