Kumuaga Babu Bomba, Msimamizi wa Mtambo wa Maji

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, nafasi ambayo kwa unyenyekevu mkubwa nimejiomba mwenyewe niishike, Wajumbe wa Bodi ya Kambi yetu ya Kikristo, Mchungaji Mlezi na Mama Mchungaji, Katibu wa Kamati ya Maji, Katibu Msaidizi wa Kamati ya Maji na Katibu wa Kamati Ndogo ya Kuifuatilia Kamati ya Maji, mpishi mkuu na jeshi lako la jikoni, wanakwaya, na wewe mstaafu wetu, Babu Bomba, pamoja na mama watoto wako: Bwana asifiwe! (Amina.) Hiyo amina imelegea. Bwana asifiwe! (Amina!) Itifaki ionekane imezingatiwa.

Tumekutana katika bwalo hili kumuaga mtu aliyekuja hapa miaka ishirini na tisa iliyopita kurekebisha bomba moja la bafu la wasichana, kazi ya nusu siku, akabaki mpaka leo, jambo ambalo sisi watu wa menejimenti tunaliita ufanisi katika kutunza rasilimali watu. (Makofi.) Lakini huwezi kumzungumzia Babu Bomba bila kuuzungumzia Mradi Jumuishi wa Maji Endelevu, na huwezi kuuzungumzia mradi huo bila kunizungumzia mimi.

Nilipochaguliwa kuwa Mwenyekiti, miaka kumi na moja iliyopita, pampu ya zamani ilikuwa imekufa na barua za kuwaambia wazazi wasilete watoto zilikuwa zimeshaandikwa, zinasubiri muhuri tu. Nikasema, hapana! Tukaitisha semina ya wadau ya siku tatu, tukatengeneza mpango mkakati wenye awamu nne na dashibodi ya rangi, kisha nikasimama pale nje mbele ya wageni wetu, nikafungua bomba kwa mkono wangu huu, na maji yakatoka! (Makofi. Kigelegele kutoka kwa Mama Mwenyekiti.) Yalitoka, ndugu zangu, siku moja tu baada ya mimi kutia saini pendekezo la kuanza kufikiria kununua pampu. Huo ndio uongozi. Tangu siku ile watoto elfu kumi na nne, mia mbili na sita wamenawa, wameoga na wamefua soksi zao hapa, na maji hayajakatika hata siku moja, kiwango cha mafanikio cha asilimia mia moja nukta mbili, hiyo nukta mbili ikitokana na mvua.

Katika mfumo huu wa kisasa, unaojiendesha wenyewe kiotomatiki, kazi ya mzee wetu ilikuwa nyepesi, kuukagua mtambo tu na kufunga mlango. Ndiyo maana Bodi ilipata shida kuelewa mgongo wake umeharibikaje. Daktari ameandika kwamba ni mgongo wa mtu aliyebeba mizigo mizito kwa miaka mingi. Tuliijadili barua hiyo kwa kina, tukaona daktari amechanganya mafaili. (Mpishi mkuu anakohoa.) Mpeni maji mpishi. (Mpishi mkuu: “Niacheni, Mwenyekiti. Haya maji siwezi kuyanywa leo.”)

Sitaficha kwamba mzee alikuwa na mapungufu. Kwenye harusi ya binti yake mwenyewe, iliyofungwa hapa hapa kambini, alichelewa kumsindikiza bibi harusi, akaingia kanisani suruali imelowa hadi magotini, nami nikamwandikia barua ya onyo kuhusu mavazi. (Mke wa Babu Bomba: “Wageni wako mia tatu wangenawa nini?”) Mama, maswali yatakuja mwishoni. Barua ile aliitia saini bila kubisha, akarudi kazini. Hiyo ndiyo nidhamu tunayoisifu leo, na kwa kuitambua, Bodi imemwandalia cheti chenye picha yangu. (Makofi machache.)

Naelekea mwisho. Kambi! (Mbele!) Maji! (Uhai!) Bodi! (Kimya.) Bodi! (Mama Mwenyekiti: “Hoyee!”)

Kwa namna ya pekee namshukuru mzee kwa makabidhiano ya jana asubuhi. Mimi na Katibu wa Kamati ya Maji tulikwenda kuupokea mtambo rasmi. Alitufungulia chumba cha pampu, tukakuta mkokoteni mmoja, madumu ishirini na manne na ngazi ya kupandia kwenye tanki. Nikamuuliza, “Babu, mtambo uko wapi?” Akasema, “Mwenyekiti, mtambo ndio huu,” akaushika mkokoteni ili tuone unavyosukumwa. Tukalifuata bomba letu la kutoka chemchemini kwa miguu. Linaishia nyuma ya choo. Nikamuuliza, “Mbona miaka yote hukusema?” Akajibu, na Katibu ameandika kama alivyosema: “Watoto walikuwa wameshafika na mabegi yao. Nikajaza tanki ili wasirudishwe makwao. Mara mkaja na wageni, mkafungua bomba, mkapiga makofi. Sasa ningesema saa ngapi?” (Mke wa Babu Bomba: “Safari nane kila asubuhi! Nane!”)

Kwa hiyo, kwa lugha ya kitaalamu, mradi niliousifu tangu mwanzo wa hotuba hii haujawahi kuwepo. Hotuba ilikuwa imeshachapwa.

Watoto mia mbili na arobaini wanafika Jumatatu, na nimenong'onezwa sasa hivi kwamba maji yaliyomo kwenye tanki yanatosha watu wa meza tatu tu kunawa mikono. (Babu Bomba anasimama.) Babu, keti. Keti, nakuomba. Leo hatuendi chemchemini na wewe. Mama, mshike asiondoke. Wajumbe wa Kamati ya Maji, pamoja na Kamati Ndogo, vueni makoti. Ndiyo, na tai. Mimi nitashika ngazi.

(Babu Bomba anasema neno.) Mzee anasema tuwe waangalifu na kidato cha nne cha ngazi, kimelegea. Taarifa imepokelewa. Ahsanteni kwa kunisikiliza.