Begonia ya Bafuni

Jumamosi, 1 Februari
Begonia yangu imechanua. Maua matatu ya waridi! Niliing'oa kwenye mwamba wa chemchemi, bondeni chini ya Chilangala, nikaipanda kwenye ndoo kuukuu na kuiweka bafuni, maana inapenda unyevu. Mke wangu Swaumu anaoga amejibana ukutani. Halalamiki. Ajabu. Jirani yetu Modest, mwalimu mstaafu kutoka Bukoba, amesema maua kama haya yamejaa maofisini. Wivu. Wiki hii mtaalamu wa mimea, Ursula, yuko Newala. Akithibitisha kuwa ni aina mpya duniani, itapewa jina langu, Tahiri. Modest atapita mbele ya nyumba yangu ameinamisha kichwa.

Jumatatu, 3 Februari
Ua moja halipo. Lile kubwa. Nimechungulia kwa Modest juu ya wigo. Mkewe amenikuta, akauliza kama nimepoteza kuku. Nimesema ndiyo. Familia nzima imenisaidia kutafuta mpaka magharibi. Modest alitambaa hadi chini ya banda. Sina kuku.

Jumatano, 5 Februari
Mtaalamu anakuja kesho. Majani ni ya kijani tu, hayana mvuto. Nimechukua wanja wa Swaumu nikayatia madoa. Sasa ni kama chui.

Alhamisi, 6 Februari
Ursula ameniamkia kwa heshima, ameingia bafuni, amepitisha kidole kwenye jani. Kidole kimetoka cheusi. Modest, aliyejialika, akakohoa muda mrefu. Dada wa watu hakunicheka. Alituonyesha jinsi kila jani lilivyo pana upande mmoja kuliko mwingine: begonia kweli. Lakini maua yaliyobaki ni ya kiume. Bila ua la kike, lenye mabawa matatu nyuma yake, hawezi kusema ni aina gani. Nikamtazama Modest. Nikasema mwizi tunaye humuhumu bafuni.

Swaumu akaenda chumbani, akarudi na khanga yake ya harusi. Ndani ya mkunjo, ua. Limekauka vizuri, mabawa yote matatu.

"Nililichuma mimi," akasema. "Nilidhani umeniletea, Baba Faidha. Si nilikuhadithia?"

Alinihadithia, tena zamani. Yeye na wenzake walipokuwa wasichana, wakishuka bondeni kuteka maji, walitafuna vikonyo vya maua haya kwa ule uchachu. Siku hizi magoti hayamruhusu kuteremka. Mimi nilisahau, nikadhani nimegundua mwenyewe.

Ursula akalitazama ua kwa lenzi. Aina hii inajulikana, akasema, ila ni adimu, na hana sampuli yake kutoka upande huu. Akaomba alichukue. Akauliza aandike ni nani aliyelikusanya.

Nikaitazama ndoo yangu.

Nikasema aandike Swaumu.

Swaumu akajifuta macho kwa ileile khanga. Modest akawa anatazama dari.

Jumapili, 9 Februari
Nimerudi bondeni. Nimeona jimbi lenye majani yaliyojikunja kwa namna yake. Hili dunia hailijui! Nimelipanda kwenye beseni jipya la Swaumu. Ameliona, akatabasamu, akauliza ni la nani safari hii. Nimemwambia ukweli: la sayansi. Ameacha kutabasamu, akaingia ndani.

Sijui kaudhiwa na nani. Kesho nitamuuliza Modest amemwambia nini mke wangu.